Jinsi ya kuchagua mada ya spichi na kuipunguza mpaka itoshee dakika zako

Mara ya kwanza kupewa maiki mbele ya watu wengi niliambiwa nina dakika 10 na mada nichague mwenyewe, nikaona bahati hiyo, nikachagua "Teknolojia na maisha yetu". Unacheka? Cheka tu. Dakika ya nane nilikuwa bado nipo kwenye historia ya simu, intaneti sijaigusa, mshereheshaji akaniletea kikaratasi kimeandikwa "malizia", nikaruka kurasa tatu nikasema "kwa hiyo teknolojia ina faida na hasara zake, asanteni". Watu wakapiga makofi ya kunihurumia. Sauti ilikuwa safi, sikutetemeka sana, nguo nimenyoosha, tatizo lilikuwa mada tu, bahari nzima na mi nimekuja na kijiko.

Tangu hapo nimeandika spichi nyingi, zangu na za watu walioniomba niwasaidie, na ninachokiona ni kwamba spichi nyingi mbovu zimeharibika siku ya kuchagua mada, wiki mbili kabla mtu hajasimama. Watu wanafanya mazoezi ya mikono na macho na tabasamu wakati kitu chenyewe wanachoenda kusema hakina kichwa wala miguu. Kwa hiyo hapa naongelea hatua hiyo tu, kuchagua na kupunguza. Ya sauti na woga tuyaache kwanza.

Anza na dakika, na watu

Najua unataka kuanza na "niongelee nini", subiri kidogo. Kuna mambo manne ujue kwanza na ukiyajua nusu ya mada zitajiondoa zenyewe: una dakika ngapi, wanaokusikiliza ni kina nani, wamekusanyika kwa sababu gani, na nani anaongea kabla yako. Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa, alafu unafika unakuta mtu wa kwanza kashasema kila kitu ulichoandika, umebaki unaangalia karatasi yako kama ya mtu mwingine. Muulize mwandaaji, ni swali la sekunde tano.

Dakika ndo kipimo chako kikuu, na hapa tupige hesabu kabisa. Kwenye Kiingereza huwa wanasema mtu anaongea maneno kama 120 mpaka 150 kwa dakika moja akiwa jukwaani. Kiswahili usichukue namba hiyo hivo hivo manake maneno yetu yanabeba mzigo, "hatutawaambia" kwetu ni neno moja, Mwingereza anahitaji maneno matano kusema kitu hicho hicho. Mi nikiandika spichi ya Kiswahili nahesabu maneno 100 kwa dakika, basi, na hapo nimeshaweka nafasi ya kuvuta pumzi na ya watu kucheka. Dakika 5 ni maneno 500. Dakika 10 ni 1,000. Ukurasa mmoja wa kompyuta uliojaa unakula maneno kama 400 au 500 hivi, maana yake spichi ya dakika 5 ni ukurasa mmoja tu. Mmoja! Hebu utazame huo ukurasa ukiwa mtupu alafu uniambie "Elimu na maendeleo" itakaa wapi hapo.

TED, wale wa mazungumzo yanayozunguka sana mtandaoni, wanaweka kikomo cha dakika 18, na wengi wanaopanda pale ni watu walioshika kitu kimoja kwa miaka. Wao dakika 18 kwa kitu kimoja, we na dakika zako 7 unataka kuleta dunia nzima.

Kuhusu watu, usiishie kwenye "ni vijana" au "ni wafanyakazi". Jiulize wanajua nini tayari kuhusu hicho kitu, na kesho yake wanaweza kufanya nini. Madaktari na wanafunzi wa sekondari wote wanalala usiku, lakini spichi ya usingizi utakayowapa haiwezi kuwa moja.

Unataka nini kiwatokee?

Hapa kuna kitu cha zamani sana ambacho bado kinanisaidia. Aristotle, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo huko Ugiriki, alizigawa hotuba mafungu matatu kwa kuangalia muda: za mahakamani zinahusu yaliyopita (alifanya au hakufanya?), za barazani zinahusu yajayo (tufanye au tusifanye?), na za hafla, za kusifu au kulaumu, hizo zimekaa zaidi kwenye sasa. Mgawanyo wa kizee lakini jaribu kuutumia kwenye mada yako uone inavyojikata yenyewe. "Simu na watoto" ni pori. Ukisema nataka kueleza imekuwaje tukafika hapa, hiyo ni spichi moja. Ukisema nataka wazazi waliopo ukumbini waanze kuacha simu nje ya chumba cha kulala, hiyo ni nyingine kabisa, ina ushahidi mwingine, ina mwisho mwingine. Na ukitaka kumsifu mwalimu mmoja aliyewafundisha watoto kuitumia vizuri, basi ni ya tatu. Chagua moja. Ukichukua zote tatu utarudi kule kwangu kwenye kikaratasi cha "malizia".

Kwa kifupi jaza nafasi hii kwa maandishi, sio kichwani: "Nikimaliza, nataka watu hawa ______." Wajue kitu, waamini kitu, wafanye kitu, wacheke, wamkumbuke mtu. Kitenzi kimoja.

Kutafuta mada kama umeachiwa uchague

Kaa na karatasi, simu iweke mbali, weka saa dakika 10 na uandike vitu 20. Usivichuje kwa sasa hata kama ni vya kijinga. Wengi wakifika cha saba wanakwama na wanakimbilia Google kuandika "mada nzuri za hotuba", na huko wanakutana na orodha ile ile wanayokutana nayo wenzao wote, ndo maana unakuta kwenye darasa moja watu wanne wameongelea mitandao ya kijamii. Ukikwama rudi kwenye maswali haya. Kitu gani watu wananiuliza mimi kila siku? Kitu gani nilikuwa nakiamini nikaja kugundua nilikosea? Kitu gani kikifanywa vibaya kinaniudhi mpaka nashindwa kunyamaza? Kazi gani nimeshaifanya kwa mikono yangu mara nyingi mpaka najua pale wengine wanapokosea?

Hilo la "nilikosea" kwangu mi ndo lina hazina kubwa. Mtu anayesimama akasema nilikuwa nadhani hivi, kumbe sivyo, na hiki ndo kilinibadilisha, tayari ana mwanzo, ana katikati, ana mwisho, na hajaandika hata mstari.

Ukishapata 20, pitisha chujio. Kila mada isemee kwa sauti dakika tatu bila karatasi, peke yako chumbani, ukijifungia sawa. Ukiishiwa ndani ya dakika moja hiyo mada huijui, unaipenda tu, na kupenda sio kujua. Zikibaki tano au sita, zipime kwa watu wako: wao wana shida gani na hiki kitu? Mada inaweza kuwa nzuri kwako na ikawa haiwahusu hata chembe. Kinyume chake pia kipo, mada inawahusu sana lakini we huna cha kuwaongezea, utawarudishia walichokuja nacho.

Na kuna mada mi huwa namwambia mtu aiache hata kama anaililia. Ya kwanza ni jeraha bichi. Kitu kimekuumiza mwezi uliopita, bado kikitajwa koo linakaza, usikipeleke jukwaani saivi. Kitakuja kuwa spichi nzuri lakini baadaye, ukiweza kukisimulia bila wasikilizaji kuanza kukuonea wasiwasi. Ya pili ni ile ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kuipinga. "Amani ni muhimu." "Afya ni bora kuliko mali." Nani atabisha? Na kama hakuna wa kubisha, unasimama pale kumshawishi nani?

Sasa kukata, na hapa tukae

Nitakuonesha kwa mfano mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, manake maelezo matupu ya "punguza mada yako" kila mtu anayo na hayajamsaidia mtu.

Tuseme umechagua usingizi. Una dakika 7, wasikilizaji ni wanafunzi wa chuo.

"Usingizi" peke yake ni neno, sio mada. Humo ndani kuna ndoto, kuna kukoroma, kuna watoto wachanga, kuna dawa, kuna zamu za usiku, kuna wanyama wanaolala wamesimama. Kisu cha kwanza ni nani. Wanafunzi wa chuo. Sawa, "usingizi wa wanafunzi". Bado kubwa, ina sababu, ina madhara, ina tiba. Kisu cha pili ni upande gani: sababu, madhara au tiba? Madhara wanayajua, wanayaishi, ukiwaambia kutolala kunachosha watakuangalia tu. Chukua sababu. "Kwa nini wanafunzi hawalali vizuri." Hapa ndo wengi wanasimama wanajiona wamemaliza, kumbe bado kuna sababu kumi: mitihani, kelele, simu, msongo wa mawazo, kahawa, joto, kulala mchana, na nyingine. Ukizigusa zote kwa dakika 7, kila moja inapata sekunde 42. Sekunde 42! Utasema nini cha maana kwa sekunde 42?

Kisu cha tatu ni moja tu. Tuchukue kahawa kwa sababu ni kitu wanakishika mkononi kila siku na hakuna anayekifikiria. "Kahawa na usingizi wa wanafunzi." Imekaribia. Kisu cha nne ni lini. Kahawa ya asubuhi haina kesi kubwa, tatizo ni ya jioni. "Kahawa ya jioni na usingizi wa mwanafunzi."

Na angalia kilichotokea, mada ilipofika hapa ushahidi nao ukaanza kujileta. Mtu akikwambia tafuta habari za usingizi unapata milima, huwezi hata kujua uanzie wapi. Akikwambia tafuta kahawa ya jioni, unakipata haraka: tukiwa macho kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo na ndo inatuletea ule uzito wa usingizi, kafeini inachofanya ni kukaa kwenye viti vya adenosini kwenye ubongo, yaani uchovu upo pale pale ila umekosa pa kukaa. Nusu ya kafeini uliyokunywa inachukua kama masaa matano kutoka mwilini kwa mtu mzima wa kawaida, ingawa watu wanatofautiana, mjamzito inamkalia muda mrefu zaidi na mvuta sigara inamtoka haraka. Sasa piga hesabu mbele ya wasikilizaji wako: kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inatembea mwilini. Na kuna utafiti ulitoka 2013, watu walipewa miligramu 400 za kafeini, dozi kubwa kweli kama vikombe vinne hivi vya kahawa, na hata waliopewa masaa sita kabla ya kupanda kitandani usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya lisaa limoja kwenye vipimo.

Hiyo ni spichi. Ina picha (viti vilivyokaliwa), ina hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya na saa yake mwenyewe, na ina kitu cha kufanya kesho. Dakika 7 zinatosha na chenji inabaki.

Unaweza kukata zaidi? Unaweza, na hapa kuna hatari ya upande wa pili ambayo watu hawaisemi. Ukiendelea mpaka "jinsi kafeini inavyokaa kwenye vipokezi vya adenosini", umetoka kwa wanafunzi wote umebaki na wa famasia watatu pale mbele. Mada ikishakuwa nyembamba mpaka wasikilizaji hawajioni ndani yake, rudi ngazi moja juu. Mi napima hivi: je mtu wa kawaida kwenye hicho kiti anaweza kusema "hii inanihusu" ndani ya dakika ya kwanza? Kama hapana, nimekata nyama mpaka mfupa.

Visu vingine unavyoweza kutumia kwa mada nyingine ni mahali, kipindi, mtu mmoja, kifaa kimoja, kosa moja, siku moja. Sio lazima utumie vyote, na mpangilio wake hauna sheria, we jaribu kisu kinachokata vizuri. Kwa historia huwa "siku moja" ndo mkali kuliko vyote.

Iandike sentensi moja

"Kahawa ya jioni na usingizi wa mwanafunzi" ni kichwa cha habari. Bado hujasema kitu. Igeuze iwe sentensi yenye kitenzi, ambayo mtu anaweza kukubali au kukataa: "Ukitaka kulala saa nne usiku, kikombe chako cha mwisho cha kahawa kiwe kabla ya saa nane mchana." Hapo kuna mtu kiti cha nyuma ameshaanza kunung'unika kwamba yeye anakunywa usiku na analala kama gogo. Safi! Umempata, atakusikiliza ili akubishie, na we ushajua umjibu nini, kwamba kulala haraka ni kitu kimoja na kulala vizuri ni kingine.

Nina vipimo viwili vya hiyo sentensi. Kimoja, tafuta "na". Kama sentensi yako inasema "kahawa inaharibu usingizi na simu pia na vyuo vipunguze vipindi vya asubuhi", una spichi tatu zimebanana kwenye kiti kimoja, na mshika mbili moja humponyoka, sembuse tatu. Kingine, mwambie mtu hiyo sentensi alafu nyamaza. Akisema "eenh" na kurudi kwenye simu yake, haijaiva. Akisema "kwa nini?" au "we nani kakwambia?", imeiva.

Mfano ninaoupenda kuliko yote kwenye hili ni wa Gettysburg, Marekani, tarehe 19 Novemba 1863. Wanazindua makaburi ya askari waliokufa kwenye vita ya Julai mwaka huo. Mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, msemaji aliyesifika sana wakati ule, akaongea kama masaa mawili, vita nzima kaielezea. Baada yake akasimama Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati ule, dakika kama mbili, maneno kama 270, akakaa. Na ukiyasoma yale maneno utashangaa vitu alivyoviacha: hakutaja jina la jenerali hata mmoja, hakutaja hata jina la mji waliokuwa wamesimama. Alibaki na wazo moja, kwamba waliokufa wameshamaliza yao, sisi tulio hai ndo tuna kazi ya kumalizia. Kesho yake Everett mwenyewe akamwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama yeye kwa masaa mawili angelikaribia wazo kuu la siku ile kama mwenzake alivyolikaribia kwa dakika mbili. Everett hakuwa mzungumzaji mbaya, watu wanamwonea siku hizi. Alibeba mada kubwa tu.

Pointi ngapi, na vilivyokatwa viende wapi

Dakika 5 pointi mbili. Dakika 10 tatu. Hata ukipewa nusu saa usivuke nne, ongeza mifano badala ya pointi. Ukipanga muda, toa kabisa kama asilimia 10 au 15 ya mwanzo na kiasi hicho hicho cha mwisho, kinachobaki ndo ugawie pointi zako, na pointi kubwa ipewe muda zaidi, hakuna sheria kwamba ziwe sawa kwa sawa.

Kuhusu vilivyokatwa, najua vinauma. Umesoma siku tatu kuhusu ndoto za watoto wachanga alafu mimi nakwambia tupa. Usitupe. Fungua faili lingine uliite "baadaye" na uvimwage humo vyote. Vitakusaidia kwenye maswali, mtu akiuliza "na chai je?" unakuwa na jibu la kutoka kabatini, na vingine vitakuwa spichi nyingine mwakani. Mi nimegundua nikiwa na hilo faili mkono unakuwa mwepesi kukata, manake najua sijaua kitu.

Kama mada umepewa

Mara nyingi ndo hivi, mwandaaji anakuletea "Vijana na mazingira" au "Umuhimu wa elimu" na huwezi kukataa. Usiogope, mada ya kupewa ni eneo tu, sehemu ya kusimama unachagua mwenyewe. Chukua neno moja ndani yake alafu liulize swali gumu. "Umuhimu wa elimu": elimu ipi? Umuhimu kwa nani? Ni lini elimu haisaidii? Hilo la mwisho likakupeleka kwa mtu aliyefaulu mtihani wa kitu alafu akapewa kitu chenyewe akashindwa kukiwasha, na hapo unaweza kujenga spichi kwamba kila somo liwe na kitu kimoja cha kufanya kwa mikono. Bado ni umuhimu wa elimu. Mwandaaji ameridhika na wasikilizaji hawajalala. Ila mwambie mapema ulipoelekea, ujumbe mfupi tu, asije akashtuka siku yenyewe.

Spichi za harusi, za kuaga, za msiba

Hizi watu wanadhani hazina mada, mada si ni mtu mwenyewe. Sivyo. "Juma ni mtu mwema, mcheshi, mchapakazi, anapenda watu" ni orodha ambayo ukibadilisha jina inamfaa yeyote hapo ukumbini. Kata vile vile. Chukua tabia moja ya Juma, ndogo iwezekanavyo. Tuseme huwa anafika kila mahali dakika 15 kabla, anakaa nje kwenye ngazi akisubiri wenzake wachelewaji, na hajawahi kumlaumu mtu. Anza na ile siku ulichelewa lisaa limoja ukamkuta bado amekaa pale pale, akanyanyuka akasema "twende". Sasa geuka kwa bibi harusi: dada, umeolewa na mtu anayejua kusubiri. Dakika tatu zimeisha na watu wanafuta macho, na hujasema neno "mwema" hata mara moja.

Kwenye msiba ni hivyo hivyo ila punguza zaidi. Kitu kimoja alichokuwa anakifanya, kwa nani, basi.

Ijaribu kabla hujaanza kupendezesha maneno

Ukiwa na sentensi yako na pointi zako kwenye kikaratasi, kabla ya kuandika spichi nzima, simama uiongee na saa inatembea. Itakuwa mbovu, ndo inavyotakiwa, unapima ukubwa. Kama una dakika 7 na umefika dakika 11, usijidanganye kwamba siku yenyewe utaongea haraka. Ukiongea haraka unachoka na wao wanachoka. Na usianze kupunguza neno huku na neno kule, utamaliza saa nzima umeokoa sekunde 20. Toa pointi nzima nzima, na mifano yake. Ukikuta hakuna pointi inayotoka bila spichi kuanguka, basi mada yenyewe bado pana, rudi kwenye visu.

Alafu mpe mtu mmoja asikilize, ambaye sio mtaalamu wa hicho kitu, usimwulize "imekaaje" manake atakwambia nzuri ili mambo yaishe. Msubiri mpaka kesho yake, umuulize "jana niliongelea nini?" Akikujibu "uliongelea usingizi", bado. Akikujibu "ah, nisinywe kahawa jioni", umefika, kaandike sasa.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo, ambalo litakutokea tu siku moja. Ratiba imechelewa, walioongea kabla yako wamekula muda, mshereheshaji anakuinamia sikioni "samahani ndugu, una dakika tatu". Ndo maana ile sentensi yako iandike kwa kalamu nene juu kabisa ya karatasi, chini yake weka alama ya nyota kwenye mfano mmoja tu, ule mzuri kuliko yote. Hapo unasimulia mfano wenye nyota, unasema sentensi, unashukuru, unakaa. Usitumie hata sekunde moja kulalamika kwamba muda umekatwa, wao hawajui ulikuwa na dakika 7 na hawana haja ya kujua.